Sikio ni la Mchoraji

Nilipowaambia nyumbani kwamba nimechaguliwa kusoma shahada ya historia ya sanaa, Mzee Spana aliweka kijiko chini akauliza kama nitafundishwa kuchora.

"Hapana, Baba. Wanaochora ni wengine."

"Na wewe?"

"Mimi nitaangalia walichochora."

Akatafuna kidogo. "Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Kuangalia," akamgeukia mkewe, "hata mbuzi anaangalia."

Mkewe alicheka mpaka akapaliwa. Huyo ndiye shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenichukua nikiwa na miaka minne na kunilea kwenye chumba cha mbele kilichojaa sare za shule. Ni fundi cherehani. Mzee Spana alikuwa fundi mitambo kiwandani hadi alipostaafu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na nilimwita Baba kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kuitika. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto. Nilikuwa mimi tu, na niliwatosha, jambo ambalo hadi leo linanikera nikilifikiria.

Watu wanadhani shahada ile ni ya kutembea na skafu shingoni na kuhema mbele ya picha. Ni kukariri. Ni chumba chenye mapazia meusi mchana kweupe, projekta inayonguruma, na picha mia nne ambazo kila moja lazima uijue: nani alichora, wapi, lini, kwa rangi gani, juu ya mbao au kitambaa. Siku ya mtihani picha inakaa ukutani dakika tatu. Ikiondoka imeondoka, hata kama ulikuwa unapiga chafya.

Nilikuwa nikiandika picha hizo kwenye kadi, na msahihishaji wangu alikuwa shangazi. Mguu kwenye cherehani, jicho moja kwenye mshono, kadi mkononi. "Huyu mwenye shingo ndefu?" Nikikosea ananyamaza, anapiga mshono mmoja hadi mwisho, kisha anauliza tena. Majina ya wachoraji aliyavunjavunja vibaya sana, lakini hakusahau hata moja. Mwaka wa tatu ulipoanza alikuwa anaijua kozi yetu kuliko nusu ya darasa. Mimi nilikuwa naliona hilo kama kichekesho cha kuwasimulia wenzangu.

Profesa wetu tulimwita Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokining'iniza kifuani. Alikuwa mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Somo lake maarufu alilifundisha mwaka wa kwanza, kwa dakika arobaini, na liliweza kuandikwa kwenye kiganja: ukitaka kujua picha isiyo na sahihi ni ya nani, usitazame uso, tazama masikio na kucha. Usoni mchoraji anajitahidi, anamfuata aliyekaa mbele yake. Akifika kwenye sikio amechoka, mkono unachora sikio uliolizoea, lile lile kwa tajiri na kwa mchukuzi. "Sikio ni la mchoraji," alisema, "si la anayechorwa." Nililiandika, nikaliwekea mstari chini, nikapata alama zote.

Sasa nielezee Siku ya Kitu Kimoja. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa kila mtu kitu kimoja kutoka ghala la makumbusho, kitu ambacho hakuna anayejua habari zake. Una wiki kumi za kukichunguza. Kisha unasimama ukumbini dakika kumi, mbele ya walimu, mhifadhi mkuu wa makumbusho na jamaa za wanafunzi, useme ulichogundua. Atakayeshinda anaajiriwa makumbusho kama mhifadhi msaidizi. Ni nafasi moja kwa mwaka, na katika mji mzima ndiyo kazi pekee inayohusiana na tulichosomea. Tulikuwa kumi na mmoja. Wale kumi wengine huenda kuuza bima.

Mimi nilipewa picha namba arobaini na moja. Mchoraji hajulikani, mwanamke hajulikani. Amekaa kwenye kiti kisicho na egemeo, hana nguo, ametupa mgongo. Kichwa amekigeuza kidogo kiasi cha kuona shavu na sikio la kushoto, na ndewe ya sikio hilo, ile nyama laini ya chini, imepasuka katikati ikawa vipande viwili.

Nilikaa mbele yake wiki nzima kabla sijalitambua sikio lile. Shangazi yangu ana ndewe iliyopasuka. Ya kushoto. Hereni ilinaswa na komeo la mlango akiwa msichana mdogo.

Nilimkuta anashona kola. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamuuliza kama aliwahi kukaa kwa mchoraji.

"Mimi? Nani angenichora mimi?"

"Shangazi, tazama sikio."

Alitazama sikio, akatazama mengine pia, akanirudishia simu kama kitu cha moto. "Si mimi. Na wewe ficha hiyo picha kabla baba yako hajaja."

"Hakuna aibu, Shangazi. Ni sanaa."

"Ningekuwa mimi ningekwambia. Si mimi." Akapitisha uzi kwenye sindano, kisha akasema jambo ambalo nitalisikia hadi nazikwa. "Halafu si ulinisomea wewe mwenyewe kwamba sikio ni la mchoraji?"

Nilicheka. Fundi wa sare ananifundisha kazi. Nikamwambia ile ni kanuni ya jumla, na kila kanuni ina mambo yake, na mimi ndiye ninayesoma. Nilijua kabisa kwa nini anakana: anaona haya, anamwogopa mumewe. Siku mbili baadaye, akiwa ameinamia cherehani, nilimpiga picha ya sikio bila yeye kujua. Basi, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya wiki kumi. Picha nyingine za ghala sikuzifungua. Za nini, na jibu ninalo mfukoni?

Siku yenyewe shangazi alikuja na gauni jipya aliloshona mwenyewe. Mzee Spana alivaa koti alilopewa kiwandani siku ya kuagwa. Na kwa kiburi chake shangazi alikuwa amemwalika mwalimu mkuu wa shule anayoishonea sare, mama mwenye miwani na mkoba wa kupakata, aje amwone binti aliyesoma. Walikaa safu ya pili. Waliotangulia walikuwa wakimaliza kwa kuwashukuru wazazi wao, na wazazi wanasimama, watu wanawapigia makofi kidogo. Niliona shangazi akijirekebisha gauni magotini, akijiandaa.

Nikasimama. Nikaeleza mwanga, kiti, mgongo. Nilizungumza vizuri, sitajivisha kilemba cha ukoka lakini nilizungumza vizuri. Kisha nikasema:

"Kwa muda wote huu kibandiko kimesema mwanamke hajulikani. Leo anajulikana. Yuko nasi, safu ya pili. Shangazi, tafadhali simama."

Alisimama akitabasamu. Hata aliwainamia watu kidogo, kwa sababu alidhani zamu yake ya kushukuriwa imefika. Nikabonyeza. Ukutani ukatokea ule mgongo mtupu, mkubwa kama mlango wa gereji, na pembeni yake sikio la picha na sikio lake, bega kwa bega.

Sikumtazama mara moja. Nilikuwa namtazama mhifadhi mkuu, ambaye alikuwa ameegemea mbele, na nikajua nimemnasa. Nilipomtazama shangazi alikuwa bado amesimama, tabasamu likiwa pale pale, ila midomo ilikuwa imekauka. Mwalimu mkuu alikuwa amehamishia mkoba wake paja la pili, lile la mbali na shangazi. Mzee Spana alikuwa anaangalia ukuta kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Lenzi akainua kidole. "Somo la tatu, mwaka wa kwanza," akasema kwa upole ule ule. "Tukumbushe. Sikio ni la nani?"

Akangoja kidogo, kisha akaigeukia safu ya wanafunzi.

"Tanbihi, weka picha zako."

Tanbihi alikuwa mwenzangu darasani. Tulimwita hivyo kwa kuwa hata salamu hakuitoa bila kutaja chanzo. Alikuwa anazungumza baada yangu. Akapanda na picha tatu, moja aliyopewa na mbili alizozifungua mwenyewe, zote kutoka ghala lile lile, zote bila sahihi: mchukuzi mwenye gunia, mtoto na mpira, mzee mwenye ndevu. Akakuza masikio. Ndewe ya mchukuzi ilikuwa imepasuka katikati. Ya mtoto, vilevile. Ya mzee, vilevile. "Ni mkono mmoja," akasema kwa sauti yake ya pua. "Mchoraji huyu hufunga ndewe kwa mipigo miwili ya brashi isiyokutana. Namba arobaini na moja ni yake pia. Nilikuwa nafikia huko."

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi wenzangu. Nani angewalaumu, nimewahi kuwacheka wao. Kikasambaa. Na shangazi yangu amesimama katikati yake, uchi wa mtu mwingine umetundikwa ukutani kwa jina lake.

Hapo ningeweza kusema nimekosea. Ni neno moja. Ningemwomba akae, ningeteremka, ningekwenda kuuza bima. Badala yake nilimgeukia na kusema mbele ya wote, "Shangazi, waambie." Ukweli ulikuwa umekwisha kuonyeshwa ukutani mara tatu, na mimi nilikuwa namwomba kitu kingine. Naye alinielewa, kwa sababu amenielewa tangu nina miaka minne.

Alimtazama mumewe kidogo. Kisha akamtazama Lenzi.

"Ni mimi," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Alikuwa na chumba juu ya duka la vioo. Mimi nilikuwa napeleka nguo za watu, bado najifunza kushona. Akanisimamisha kwenye ngazi, akaniambia nina sikio ambalo hajawahi kuliona. Nilikaa kwake wiki mbili, mchana. Hao wengine," akawaonyesha mchukuzi, mtoto na mzee wa ndevu, "ni wa baadaye. Siku ya mwisho aliniambia hata nisiporudi si neno, sikio amebaki nalo. Sasa naona alikuwa anampa kila mtu."

Mimi ndiye niliyemsomea yale yote, kadi kwa kadi, na katika dakika moja akiwa amesimama alichukua ushahidi wa Tanbihi akaupindua ukawa wangu. Miaka mitatu darasani sijawahi kufanya kitu kizuri namna ile. Mhifadhi mkuu alivua miwani akaipangusa. Mwanamke mmoja nyuma alikuwa anapenga kamasi.

Lenzi akashika kioo chake kifuani. "Una hakika, mama?"

"Mwili wangu nitausahau vipi?"

Hilo halina swali la kufuatia kwa mwanamume mwenye adabu. Lenzi akaandika kitu. Watu wakapiga makofi, na Mzee Spana, kwa kuwa watu wote walipiga, akapiga naye, mara tatu, kisha akaiweka mikono yake mapajani akaitazama.

Nilishinda. Tanbihi alinipa mkono na kuniambia kwamba ushahidi wa mdomo ni chanzo dhaifu. Shangazi nilimkuta kwenye korido, peke yake, karibu na ndoo za kufanyia usafi.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Basi." Akanyoosha kola yangu, ambayo ilikuwa imenyooka. "Baba yako nitaongea naye mimi leo, ataelewa. Wewe ukishaingia kazini, ile karatasi ya chini ya picha uirekebishe. Si mara moja. Ukishakaa vizuri."

"Nitairekebisha, Shangazi."

"Najua," akasema.

Mkataba wangu ulikuwa na miezi sita ya majaribio, kwa hiyo nikasema tusubiri iishe. Mwezi wa pili makumbusho yakaifanya picha ile bango la maonyesho. Ikabandikwa vituo vya mabasi, benki, hospitali, ikiwa na maelezo ya fundi cherehani na sikio lake. Mwalimu mkuu akapeleka sare zake kwa fundi mwingine, akatuma mlinzi kuchukua vitambaa ambavyo havijakatwa. Wanawake wa mtaani wakaanza kumsalimia shangazi kwa kumtazama sikioni. Mzee Spana hakugomba, hakuvunja kitu. Alihamia kwa kaka yake na mashati mawili.

Shangazi alikuwa amemwambia ukweli jioni ile ile ya siku yenyewe, kama alivyoahidi. Hakuamini. Alisema mtu hawezi kutunga kitu kama kile papo kwa papo, akiwa amesimama. Hapo ndipo uhodari wa shangazi ulipomkaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Mwezi wa tatu nilipewa ufunguo wa kabati la madaftari ya mapokezi, ambayo wanafunzi hawaruhusiwi kuyagusa. Nikatafuta namba arobaini na moja. Imeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri: picha ya mwanamke, imepokelewa kutoka kwa wasimamizi wa mali za mchoraji, jina halikuandikwa, baada ya kifo chake mwaka huo huo. Nikatazama mwaka, nikatoa mwaka aliozaliwa shangazi. Mchoraji alipozikwa, shangazi yangu alikuwa na miaka saba.

Nikalirudisha daftari nikafunga kabati. Kwenye kibandiko nilikuwa nimeandika mwaka niliouhesabu mwenyewe, kwa kukadiria kwamba mgongo ule ni wa mwanamke wa miaka ishirini na mbili. Nikauacha. Kila nilipokwenda nyumbani shangazi alinipakulia chakula na hakuuliza. Mara moja tu alisema, "Bado hujakaa vizuri?" Nikamwambia bado kidogo. Barua ya kuthibitishwa kazini nilikuwa nayo kwenye mkoba, ina wiki tatu, kwa hiyo msije mkadhani nilikuwa na kisingizio hicho.

Mzee Spana alikuja Jumanne asubuhi, wakati ambapo hakuna wageni. Alivaa lile koti la kiwandani. Alikuwa amepungua shingo. Nilimkuta amesimama mbele ya picha, kofia mkononi, mbali nayo kidogo, kama walivyo watu wanaoogopa kengele italia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na kazi?"

"Sijambo."

Hakutaka kukaa. "Nimekuja kukuuliza, kisha niende," akasema. "Shangazi yako anasema alidanganya ili upite. Analia, anaapa. Mimi siwezi kujua. Nimeishi naye miaka yote hii na mgongo ule nautazama, leo naona ni wake, kesho naona si wake. Mimi sikusoma. Wewe umesoma hasa mambo haya. Ukiniambia si yeye, natoka hapa moja kwa moja, nakwenda kumpigia magoti. Ukiniambia ni yeye, nitajua la kufanya. Neno lako nitalichukua."

Hakukuwa na mtu wa kutusikia. Mlinzi alikuwa chumba cha tatu. Wengine wangesema ningemnong'oneza tu yeye, na kibandiko nikakiacha. Lakini Mzee Spana hajui kunong'ona. Angefika nyumbani, shangazi angefurahi, furaha yake ingefika kwa mwalimu mkuu kudai sare zake, na kutoka hapo kwa kila aliyemcheka, hadi kwa Lenzi na Tanbihi. Nilipiga hesabu hiyo yote wakati anageuza kofia mkononi. Ni hesabu fupi.

"Ni yeye, Baba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akasogea karibu na ukuta, akainama kusoma kibandiko changu, kidole kikifuata mistari bila kugusa.

"Hapa mmeandika mwaka. Na mbele yake kuna neno. Yapata. Maana yake nini?"

"Ni neno letu la kazi. Maana yake hatuna hakika kamili. Inaweza kuwa mwaka mmoja au miwili kabla, au mwaka mmoja au miwili baada."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama alivyokuwa akihesabu meno ya gia.

"Mwaka huu ndio tuliooana," akasema.

Kidole chake kikarudi kwenye lile neno.

"Kwa hiyo huenda ilikuwa kabla."

"Huenda."

"Na huenda ilikuwa baada."

"Huenda, Baba."

Akanyooka, akavaa kofia. "Asante kwa kuniambia ukweli," akasema. "Katika nyumba yetu uliyebaki wa kuaminika ni wewe." Akanipa mkono, kama mtu anavyompa afisa mkono, akatokea mlango wa wageni.